Neno Lililorudishwa Koponi

Mtaani walimwita Koplo, na hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo kwa mzaha mbele yake. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili, mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi mweusi. Duka lake la ushonaji lilikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia na kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Alishona sare za shule. Mteja akisema "nitapita kesho," Koplo alimuuliza saa ngapi. Akitajiwa saa, aliiandika ukutani kwa chaki, na mteja akichelewa aliikuta saa yake palepale ukutani ikimsuta.

Cherehani cha pili kilikuwa cha mkaza mwanawe. Mwanawe mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, leo yuko huku kesho kule, kwa hiyo wanawake hao wawili ndio waliokuwa wenye nyumba. Walipatana kuliko mama na binti wengi ninaowajua. Mkwe huyo alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande ule ambao nchi ilipigana nao vita miaka arobaini na miwili iliyopita. Hakuwa hata amezaliwa vita vilipokwisha. Lakini watu, wakikosa la maana la kumwambia mtu, humwambia alikozaliwa.

Neno walilolitumia lilikuwa "kiraka". Askari wa nchi waliwaita maadui Viraka wakati wa vita. Vita vikaisha, neno likabaki. Sokoni, akigombana mtu na mchuuzi wa upande ule, lilimtoka: "Kiraka we!" Watoto walilichezea. Na kila mtu alijua maana yake, au alidhani anaijua: watu wale walikuwa maskini hohehahe, walikuja vitani na suruali zenye viraka matakoni.

Siku moja ya Jumanne mama mmoja aliingia na vitambaa vya sare tatu. Mkwe alinyanyuka na utepe wa kupimia, pini nne zikiwa midomoni mwake. Mama yule akarudi nyuma.

"Nipime wewe, Koplo. Huyu kiraka atanipunja kitambaa."

Koplo alivua miwani. "Kitambaa chako hicho, chukua. Duka la fundi mwingine liko kona ya pili, mkono wa kushoto."

"Jamani Koplo, si utani tu?"

"Utani wenye mteja mmoja anayecheka si utani. Nenda salama."

Mama yule alipotoka, mkwe alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto. "Mama, unatufukuzia riziki. Mimi nimeshazoea. Nikiitwa kiraka najua tu ni saa nne, watu hawajanywa chai." Kisha akakunja utepe wa kupimia. "Ila ukutani ndiyo sitaki kulisoma. Mdomoni mwa watu neno linapita. Ukutani litakaa."

Ukuta alioutaja ulikuwa wa jengo la zamani la mawasiliano ya jeshi, ambalo lilikuwa likigeuzwa kuwa makumbusho ya vita. Mwaliko wa ufunguzi ulikuwa umeletwa dukani wiki ile, kwa kuwa Koplo alitumikia katika jengo hilohilo, na ndani ya bahasha kulikuwa na nakala ya maandishi ya vibao vyote. Kibao cha saba kilisema hivi: *Viraka: jina ambalo askari wetu waliwapa maadui kwa sababu ya mavazi yao duni. Lilibuniwa na luteni mmoja kijana, alipomwona mateka wa kwanza.*

Koplo alikisoma mara mbili. Halafu akakanyaga cherehani, akashona kola nzima, na kola ile ikatoka imepinda. Kwa fundi kama yeye, hiyo ilikuwa sawa na kulia.

Kwa maana aliyelitoa neno hilo ulimwenguni alikuwa ni yeye.

Aliingia jeshini akiwa na miaka ishirini, binti wa fundi cherehani, mwenye hati nzuri ya mkono. Walimweka chumba cha mawasiliano. Adui alikuwa akisikiliza simu za upepo, kwa hiyo ilikatazwa kabisa kutaja kitu kwa jina lake. Kamanda, mzee mkali asiyekula mpaka askari wa mwisho awe amekula, alimpa karatasi na kumwambia: "Andika maneno mia unayoyajua vizuri, yasiyohusiana na vita hata kidogo." Binti wa fundi alijua nini? Aliandika pindo, kola, mkasi, sindano, kiraka, mfuko, kifungo, utepe, pasi. Kila neno likakatwa kijikaratasi chake, vikakunjwa, vikatiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kila Jumapili jioni alifumba macho na kuchota: neno la kwanza la magari, la pili la mizinga, la tatu la jikoni, la nne la kikosi chetu, la tano la adui, hivyo hivyo mpaka orodha ikatimia. Neno halikutakiwa kufanana na kitu linachokisimamia. Lingefanana, adui angebahatisha. Orodha ilidumu wiki moja. Jumamosi ilichomwa moto, na aliyeichoma alitia sahihi.

Askari ni watu wa ajabu. Kuna wiki ambayo gari la chakula lilikuwa "mkasi". Wiki ikaisha, orodha ikachomwa, lakini askari wenye njaa hawachomeki: mpaka leo kambini wanasema "mkasi umefika" sufuria zikiteremshwa. Waulize makuruta kwa nini, watakuapia kuwa ni kwa sababu chakula hukata njaa. Mtu akikosa asili ya jambo hulitungia, na akishalitunga huliamini kuliko aliyekuwepo.

Sheria moja ilikuwa juu ya zote. Neno likishatumika, kijikaratasi chake kiwekwe kando mwezi mzima. Na hapo ndipo Koplo alipokosea. Jumapili moja, akiwa hajalala siku mbili, alikusanya vijikaratasi vya wiki iliyotangulia akavirudisha koponi, vyote. Akachota. Kiraka, neno ambalo wiki ile iliyopita lilikuwa la kikosi chake mwenyewe, likatoka tena, safari hii kwa adui. Hakugundua. Jumatatu asubuhi orodha mpya iliwafikia watu wa mizinga, lakini haikuifikia doria ya watu tisa iliyokuwa bondeni. Doria ikaita kwa simu ya upepo: "Hapa Viraka, tuko bondeni, tunasonga mbele." Watu wa mizinga wakalenga bonde.

Kamanda aliitambua sauti, akapiga kelele mizinga isimame. Haukufyatuliwa hata mmoja. Baadaye alimwita binti yule, akamtazama muda mrefu, akamwambia, "Umekosea, na mimi nilikuacha siku mbili bila kulala. Tumekosea wawili. Hatutasema." Wiki ileile mlima uliokuwa mikononi mwa adui ukatekwa, askari wakashangilia kuwa wamewafukuza Viraka, na baada ya hapo hakuna orodha iliyoweza kuwanyang'anya neno hilo. Kamanda alifariki mwaka uliofuata. Siri ikabaki na mtu mmoja.

Kuficha kosa ni kama kushona nguo juu ya sindano iliyovunjika. Nguo inavalika, lakini kuna siku mwenye nguo ataketi.

Jumatano Koplo alifunga duka saa sita na kwenda kwa Kapteni mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya makumbusho. Ndiye aliyekuwa yule luteni kijana wa kibao cha saba. Alikuwa na tumbo la kustaafu, kicheko kikubwa, na sebule iliyojaa picha zake.

"Koplo! Karibu, karibu. Umekuja kunipima suti ya ufunguzi?"

"Nimekuja kuhusu kibao cha saba, afande. Si kweli."

"Kipi si kweli?"

"Neno lile hukulibuni wewe. Lilichotwa koponi. Na halikuwahusu wao na nguo zao. Wiki moja kabla, Viraka tulikuwa sisi."

Kapteni alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Dada yangu, hiyo haiwezekani. Neno lilikuwa halirudi wiki mbili mfululizo. Sheria hiyo mliiweka nyinyi wenyewe wa mawasiliano. Sasa lilirudije?"

Jibu lilifika kooni. Ilikuwa sentensi moja tu: *nililirudisha mimi.* Koplo alifungua mdomo, akaona picha ya ukutani ya watu tisa waliosimama mbele ya bonde, Kapteni akiwa wa kwanza kulia, kijana, mbavu nje. Sentensi ikashuka tena.

"Leta karatasi basi," akasema Kapteni kwa upole. "Orodha yoyote ya wiki hiyo. Nitabadilisha kibao leo hii."

"Nilizichoma zote. Ilikuwa amri."

"Basi, mama. Tuachie na sisi wazee hadithi zetu."

Alirudi dukani kwa miguu. Mkwe alimsoma usoni kabla hajakaa.

"Amekataa?"

"Ameniuliza swali, nikashindwa kulijibu."

"Wewe? Kushindwa kujibu? Ngoja nitafute kalenda."

Koplo hakucheka. Alimwambia mkwe wake kila kitu: kopo, usingizi, bonde, watu tisa. Miaka arobaini na miwili hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mumewe. Mkwe alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya kitambaa. Alipomaliza, Koplo alisema, "Kwa hiyo unaloitwa sokoni ni kosa langu. Mimi ndiye niliyelirudisha neno."

"Mama, wewe ulirudisha karatasi. Matusi waliongeza wenyewe." Mkwe alikata uzi kwa meno. "Lakini nikuulize. Ukimwambia Kapteni hayo, atakuamini bila karatasi?"

"Hataamini. Atasema nimezeeka. Na karatasi hakuna, nilizichoma kwa mkono wangu, nikatia sahihi."

"Kwetu je?"

"Kwenu kuna nini?"

"Si umesema walikuwa wanawasikiliza? Mtu anayesikiliza kazini anaandika. Nyinyi mlikuwa mnachoma maneno yenu, wao walikuwa wanayaokota."

Koplo alivaa miwani, akamtazama mkwe wake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akachukua karatasi ya kuchorea ruwaza, kwa kuwa hakukuwa na nyingine karibu, akaandika barua kwa chama cha askari wastaafu wa ng'ambo. Hakuremba. Alitaja jina lake, cheo chake, wiki mbili alizozitaka, na akauliza kama kuna aliye hai kati ya waliosikiliza mawimbi yao.

Jibu lilikuja siku kumi baadaye, na halikuja kwa posta. Lilikuja kwa miguu, limevaa kofia na kubeba mkoba wa ngozi. Alikuwa mzee mfupi, fundi wa kutengeneza redio, masikio makubwa kama yaliyopewa kazi ya kusikiliza na Muumba mwenyewe. Alisimama mlangoni akasema:

"Samahani, namtafuta Mwalimu."

"Hapa ni kwa fundi, baba," alisema Koplo. "Shule iko ng'ambo ya barabara."

Mzee aliposikia sauti ile aliachia tabasamu lililoanzia sikio moja likaishia jingine. "Ndiye wewe! Sisi tulikuita Mwalimu. Kila askari aliyekuita bila utaratibu ulimkaripia: 'Rudia, useme vizuri, usile maneno.' Dada, mimi nimejifunza adabu ya simu kwako, na nilikuwa adui."

Mkwe alicheka mpaka akaegemea kioo. "Kumbe na wewe una jina la vitani, Mama!"

Ndani ya mkoba kulikuwa na madaftari matatu ya shule, yameandikwa kwa penseli, kila mstari na tarehe yake na saa yake. Koplo alifungua wiki aliyoitaka. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa.

Siku ya kikao cha mwisho cha kamati, watatu hao waliingia katika jengo la mawasiliano. Vibao vilikuwa vimeegemezwa ukutani, bado havijapigiliwa. Wajumbe walikuwa saba, na Kapteni katika kiti cha katikati.

"Umepata karatasi?" aliuliza.

"Nimepata. Lakini kabla ya karatasi nina deni la maneno." Koplo hakuketi. "Afande, uliniuliza neno lilirudije. Nililirudisha mimi. Jumapili ile nilirudisha vijikaratasi vyote koponi, kinyume cha sheria. Jumatatu doria yenu ikajiita Viraka, na mizinga yetu ikawalenga kwa sababu ya kosa langu. Mlikuwa watu tisa. Wewe ulikuwa mbele. Nimeishi na jambo hilo, nikashona, nikalea, nikakusalimia barabarani. Leo nalisema mbele ya watu. Hukumu ni yenu."

Mjumbe mmoja, aliyekuwa karani wa jeshi, alinong'ona, "Koplo, unajua unasema nini? Haya yataandikwa."

"Ndiyo maana nimeyasema taratibu. Andika."

Kapteni alikuwa mwekundu wa macho na ilikuwa vigumu kujua ni hasira au nini. "Msomee," Koplo akamwambia fundi wa redio.

Mzee alifungua daftari. "Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi. *Hapa Viraka. Tunaomba maji na betri.* Nimeandika pembeni hapa: Viraka ni wao wenyewe. Ijumaa, saa tatu. *Hapa Viraka. Luteni anasema viatu alivyoletewa ni vya mguu wa kushoto vyote viwili. Anaomba abadilishiwe.* Nikaandika pembeni: maskini. Jumatatu, saa moja na nusu. *Hapa Viraka, tuko bondeni.* Halafu saa moja na dakika thelathini na nne, sauti nyingine, mbio: *Acheni! Msipige! Hao ni wetu!* Saa tano: *Tumewaona Viraka wakivuka mto.* Waliovuka mto tulikuwa sisi. Hapa nimeandika kwa herufi kubwa: LEO VIRAKA NI SISI. WAMECHANGANYIKIWA?"

"Rudia pale pa viatu," alisema Kapteni.

Mzee akarudia.

"Vyote viwili vya kushoto," alisema Kapteni polepole. "Nilitembea siku nne, mguu mmoja ukitazama nyumbani. Sikumwambia mtu baada ya vita. Nani angemsimulia mkewe habari ya viatu?" Aliinuka, akaenda mpaka kwenye kibao cha saba, akakisoma kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine. "Basi yule mateka mwenye suruali ya viraka... nilimwona kweli? Nimemsimulia mara nyingi mpaka naona uso wake." Akaguna. "Nadhani aliyekuwa na viraka matakoni ni mimi. Bonde lile lilikuwa na miiba."

Fundi wa redio alikuwa wa kwanza kucheka, kisha karani, kisha wote. Lakini Kapteni aligeuka kwa Koplo, akakaza mwili kama askari.

"Miaka yote hii nimejiuliza kwa nini siku ile mizinga yetu ilitugeukia. Nilidhani kuna aliyetusaliti. Nimemshuku mtu, Koplo, mtu mwema, amekufa nikiwa bado namshuku. Leo ndiyo nimejua. Ungelisema mapema ungenipunguzia dhambi."

"Kweli, afande. Hilo nalo ni langu."

"Ni letu." Akampigia saluti, kapteni kwa koplo, jambo ambalo hakuna kitabu cha jeshi kinacholiruhusu. Kisha akakishika kibao kwa mikono miwili, akakipindua uso chini. "Karani, kalamu. Koplo atasema, wewe utaandika, na asipunguziwe neno."

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi iliyofuata, asubuhi ya jua kali. Watu walijaa mpaka barabarani. Mabasi mawili yalileta askari wastaafu wa ng'ambo, walioalikwa na fundi wa redio bila kumuuliza mtu, nao waliingia mlangoni wakishikana mikono na wazee waliowahi kuwalenga. Kapteni aliwasimamisha wote mbele ya kibao cha saba, akawaita waandishi, akasimulia habari ya viatu vya kushoto kwa sauti ya kuangusha dari, mpaka mzee mmoja wa ng'ambo akalazimika kukalishwa kwa kucheka. Hakuna aliyewahi kumsikia Kapteni akisimulia vita na mwenyewe akawa ndiye wa kuchekwa.

Mkwe alisogea mbele, amevaa gauni jipya alilojishonea, na akakisoma kibao kwa sauti watu wote wasikie:

"*Viraka. Neno lililochotwa kwa bahati kutoka kwenye kopo, lisilo na maana wala tusi. Wiki moja lilikuwa jina letu. Wiki iliyofuata, kwa kosa la chumba hiki, likawa jina la waliopigana nasi. Maana mbaya iliongezwa baadaye, na walioiongeza hawakujua lilikotoka.*"

Mama yule wa vitambaa vitatu alikuwemo katika umati. Aliangalia viatu vyake, kisha akajipenyeza mpaka mbele. "Binti," alisema, na haikuwa rahisi, kila mtu aliona, "zile sare bado sijapata wa kuzishona."

"Lete Jumatatu," alisema mkwe. "Saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nitaiandika ukutani." Akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, mstari wa tatu wameandika kuwa mlikosea."

"Wameandika kweli."

"Haikuumi?"

"Sogea kidogo, unaniziba. Nataka nikisome mwenyewe."

Kutoka upande wa pili wa chumba Kapteni alikuwa akipaza sauti juu ya vichwa vya watu: "Koplo! Koplo, njoo! Wageni wanataka picha na aliyewapa jina!"

"Waambie wasubiri," alijibu Koplo, akavaa miwani yake. "Nasoma."

Na wazee wa majeshi mawili wakapanga mstari, wakamsubiri.